Aksolotli wa Mume Wangu

Sikumtaka yule mnyama. Nalisema hili mapema ili anayesoma asije akanidhania mtu mwema kuliko nilivyo. Mume wangu alimleta nyumbani kwetu Hamugembe mchana mmoja wa mvua, ndani ya ndoo ya rangi iliyooshwa, kaipakata nyuma ya bodaboda kwa uangalifu ambao hakuwahi kuuonyesha kwa trei ya mayai. Nilifunua kifuniko nikaona kitu cheupe kama mhogo uliomenywa, kina miguu minne yenye vidole, mkia bapa, na shingoni, kila upande, vitawi vitatu vyekundu vinavyopepea majini. Macho yake yalikuwa madogo na meusi. Mdomo ulikaa kama wa mtu anayecheka chinichini. Nilimwambia mume wangu amrudishe alikomtoa.

Hakumrudisha. Alikuwa mwalimu wa baiolojia sekondari, na mnyama alikuwa wa mwalimu mwenzake, mgeni aliyefundisha nao miaka miwili na sasa alikuwa anafungasha kurudi kwao. Mgeni huyo alimnunua Nairobi akiwa mdogo kama kidole. Sasa alikuwa amezidi shubiri, na hapakuwa na wa kumwachia. "Anaitwa aksolotli," mume wangu alinieleza kwa ile sauti yake ya darasani. Asili yake Meksiko. Ana undugu wa mbali na vyura, ila yeye hapandi nchi kavu. Anaishi majini hadi kufa, na matamvua yake ya kupumulia yanabaki nje, ndiyo yale manyoya mekundu. Akikatika mguu, huota mwingine. Akaongeza kwamba huyu ni dume, kana kwamba nilikuwa nimeuliza.

Mimi nafundisha shule ya msingi upande wa Kahororo, darasa la tatu, watoto sabini na kitu. Mtu anayerudi nyumbani kutoka kwa watoto sabini hahitaji kiumbe kingine cha kumwangalia. Mabinti zetu wawili walikuwa wameshaolewa, mmoja Mwanza, mwingine Dodoma, nami ndiyo kwanza nilikuwa naanza kuonja utulivu. Nilikuwa nimefikia mahali pa kupika sufuria moja na kuosha sahani mbili.

Lakini nikiri kwamba alimjengea nyumba nzuri. Alitafuta fundi wa vioo vya madirisha, wakakaa wawili hao siku nzima uani wakipimana na kubishana, wakatoka na tangi refu kuliko benchi la kanisani la watoto. Akalijengea kitako cha saruji kwenye kona ya sebule ambayo jua haliifikii. Hakuweka kokoto chini, maana aksolotli humeza chochote kilicho karibu na mdomo wake, na kokoto ikimwingia inamziba tumbo. Aliweka mchanga laini wa ziwani, akauchekecha kwa chekeche langu la unga na kuuosha mpaka maji yakatoka meupe. Chekeche hilo sikulitumia tena. Ndani akalaza kipande cha mtungi uliovunjika ili mnyama apate pa kujificha, akaweka kichujio cha sponji kinachobubujika polepole kwa kuwa hapendi maji ya kasi, na juu akafunika kwa wavu wa waya, kwa sababu siku akishtuka huruka, na akiangukia sakafuni habari yake imekwisha. Kwenye kioo alibandika kipimajoto. Maji yasipite nyuzi ishirini. Sisi wa Bukoba tunajisifu kwa ubaridi wetu, lakini sebule ya bati ikishapigwa na jua la saa nane haizijui sifa hizo. Friji yangu ikajaa chupa za maji yaliyoganda, za kuelea tangini kwa zamu. Nyama nikawa nanunua ya siku hiyohiyo.

Miaka miwili ilikwenda hivyo, yeye na mnyama wake, mimi na malalamiko yangu. Nilikuwa na mzaha mmoja ambao niliurudia mpaka ukachakaa: kwamba katika nyumba hii kuna wanaume wawili, na anayenielewa ni yule wa majini. Mume wangu alikuwa akicheka kwa adabu tu.

Kiharusi kilimpata mwezi wa nne, Jumapili asubuhi, akifunga kamba za viatu twende kanisani. Hospitalini tulikaa wiki tatu. Aliporudi nyumbani mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia, mguu wa kulia unaburuta, na maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa moja: bado. Una njaa? Bado. Nikuogeshe? Bado. Mchungaji alipokuja na wazee wa kanisa kumwombea, akamuuliza kama angali anamtumainia Bwana, akajibu bado, na wote wakanigeukia mimi.

Nilicheka siku ile, baadaye, jikoni peke yangu. Halafu sikucheka tena kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeomba kimya kwa miaka ishirini na minane ya maelezo kuhusu majani, mifupa na mende, na sasa nilikuwa nimekipata. Nilikaa mezani na mtu aliyekuwa na maneno yote ya dunia, nikamkatia matoke vipande vidogo, nikayaponda na maharage, nikamfuta kidevu. Aliweza kupaliwa hata na chai. Daktari alikataza chochote kigumu, chochote cha kutafuna, na ndizi zenyewe niziponde mpaka zilainike. Alfajiri nilimwosha na kumvisha, mchana nilikuwa darasani, na mama mmoja jirani, mjane, alishinda naye hadi nirudi. Nilirudi nikiburuta miguu yangu mwenyewe.

Hospitalini kulikuwa na binti wa mazoezi ya viungo, mpole kwa sauti, mgumu kwa mikono. Alimpa mpira wa kuminya. Mume wangu aliuangalia mpira ule kama mwanafunzi aliyepewa swali la darasa la chini, akaufungulia kiganja, ukabingirika chini ya kiti. Kila siku niliuokota mara nne, mara tano. Baada ya mwezi binti aliniita pembeni. "Mama, kinachorudi kwa mgonjwa kama huyu hurudi zaidi hii miezi ya mwanzo. Tusiiache ipite. Huu mpira hauna maana kwake. Mtafutie kitu anachokipenda mwenyewe."

Nilifikiria njia nzima kutoka hospitali. Kitu anachokipenda. Nilijipitia kwanza mimi, nikajiruka.

Jioni ile nilisogeza kiti chake mbele ya tangi. Nilichimba nyungunyungu mmoja chini ya migomba nyuma ya nyumba, nikamwosha, nikamkata, nikaweka kipande kwenye ncha ya kibano cha plastiki. Nikamshikisha mume wangu kibano katika ule mkono wa kulia, nikamfungia vidole kwa vidole vyangu, nikambeba kiwiko. Kibano kilianguka ndani ya maji. Nikakiokoa. Kikaanguka tena. Mara ya tatu kilibaki mkononi, kikitetemeka, na yule mnyama akatoka chini ya kipande chake cha mtungi, akatembea juu ya mchanga kwa vile vidole vyake, bila haraka yoyote. Mume wangu aliinamia kioo. Midomo yake ikahangaika, ikakosa, ikahangaika tena.

"Njoo," akasema.

Mnyama akaja, akafungua mdomo, kipande kikapotea.

Nililia. Sitasema nililia kwa furaha tu. Mke wa miaka ishirini na minane alikuwa ameketi palepale, amembeba kiwiko, na neno la pili la mume wake lilikwenda kwa mnyama wa Meksiko. Lakini lilikuwa neno. Kila baada ya siku moja, maana aksolotli mkubwa halishwi kila siku, tulikaa pale, na maneno yakawa yanadondoka kama maji ya bomba siku za mgao: kula, taratibu, mwingine. Mwezi wa saba alishika kibano bila vidole vyangu. Mwezi wa tisa alikiinua bila kiwiko kubebwa. Mbali na tangi alirudi kuwa mtu wa bado. Yule binti wa mazoezi aliniambia tusikatishe hata wiki moja. Kwa hiyo yule mnyama akawa ndiyo dawa, na sikuwa na dawa nyingine. Akifa, nilijua, mkono ule utarudi mapajani na ulimi utarudi kwenye bado, na miezi inayohesabika itakwisha tukiokota mpira.

Basi nikajifunza kazi yote niliyokuwa nikiicheka. Maji ya bomba yana dawa inayoyachoma matamvua yake, kwa hiyo niliyaacha kwenye ndoo wazi kwa siku nzima kabla ya kuyatumia, au nilikinga ya mvua. Kinyesi nilikivuta kwa bomba la sindano, lile kubwa, lisilo na sindano. Kila Jumamosi nilitoa robo ya maji na kurudisha robo, jagi kwa jagi, mgongo ukinililia. Umeme ukikatika nilitia chupa ya barafu na kuomba urudi kabla haijayeyuka. Walimu wenzangu waliniuliza mgonjwa anaendeleaje, nikawa najibu kwamba leo amekula vizuri na maji yake yako nyuzi kumi na nane, halafu nakumbuka wameuliza kuhusu mume wangu.

Kiangazi, nyungunyungu wa Hamugembe walizama chini sana nisiwapate. Nilikwenda Muleba kwa mama mkwe, mama yake mume wangu, ambaye kibanja chake cha migomba kina matandazo ya miaka mingi, majani juu ya majani, na chini yake udongo haukauki. Amevuka miaka themanini. Nilimpigia magoti kumsalimu, naye akaniinua, akanipa buni za kutafuna, kisha akauliza mwanawe anahitaji nini. Nikamwambia. Hakucheka. Alichukua jembe lake dogo, tukachimba wawili katikati ya migomba na mibuni, kopo la maziwa likajaa. Alinisikiliza nikieleza habari ya kibano, habari ya njoo. Mwishoni alifuta mikono kwa majani akasema, "Lakini minyoo, mwana wange. Kiumbe kinachomrudishia mwanangu ulimi, mnakipa minyoo."

Nilidhani amezungumza tu, kama wazee wanavyozungumza.

Mwezi wa kumi na moja alikuja Hamugembe kukaa nasi wiki mbili, anipumzishe, maana jirani yetu alikuwa amesafiri. Alifika Jumatatu jioni na mzigo wake wa ndizi, na kesho yake asubuhi, nilipokuwa natafuta madaftari yangu ya kusahihisha huku nimechelewa, alitoa kitu alichokuwa amekificha chini ya kanga: kifurushi cha jani la mgomba, kimefungwa vizuri kwa kamba ya mgomba. Sebule nzima ikanukia. Senene. Wa kwanza wa msimu ule. Alikuwa amewakusanya mwenyewe alfajiri kwenye nyasi zenye umande, akawanyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, na chumvi, na kitunguu.

Anayetoka mbali inabidi aambiwe. Kwa Wahaya wa zamani senene, panzi hawa wa msimu wa mvua, walikuwa chakula cha wanaume. Mwanamke aliwakusanya, akawanyonyoa, akawakaanga, akampelekea mwanaume wa nyumba, yeye asionje, na mwanaume akamshukuru kwa nguo mpya. Sisi wa leo tumeyaacha hayo. Mimi nawala senene hata njiani, kwenye karatasi, na siangalii nyuma. Mama mkwe hajawahi kuweka hata mmoja kinywani. Na wale wa kwanza, kwake, ni fungu la mwanaume wa nyumba. Fungu hilo halirudishwi, halitupwi, na mwanamke haligusi.

Alipiga magoti mbele ya kiti cha mwanawe, mama mzima wa miaka themanini, akafungua jani. Mume wangu aliinua uso. Nilidaka kile kifurushi kutoka mikononi mwa mama.

"Hapana mama. Atapaliwa."

"Niwasage?"

"Hata wakisagwa. Daktari amekataza. Matoke yenyewe nayaponda."

Alibaki na mikono mitupu imekingwa. "Basi wataliwa na nani, mwana wange? Nimewaleta kwa mwanaume wa nyumba. Asipokula yeye, ale nani?"

Nilikuwa nimeshika begi kwa mkono mmoja, kifurushi kwa mkono mwingine, na kengele ya shule ilikuwa imeshagonga kichwani mwangu. Nilikiweka kifurushi mezani, nikaonyesha tangi kwa kidevu. "Mpe mwanaume mwenzake yule," nikasema, nikatoka.

Ulikuwa mzaha wangu uleule. Mdomo wangu una mazoea ya kusema na kuondoka, na watu wa nyumba yangu walishazoea kuuacha upite. Mama mkwe hakuwa mtu wa nyumba yangu. Kwake, mke akisema neno mbele ya mume wake, na mume asikatae, neno limesemwa. Nilivyokuwa navuka barabara kuelekea Kahororo nilikuwa nimeshasahau kwamba nimesema chochote.

Nilirudi saa tisa. Kabla sijavua viatu niliona maji yanang'aa. Juu ya tangi palikuwa na utando wa mafuta wenye rangi za upinde, wavu wa waya umeegemezwa ukutani, na pete ya kitunguu imekaa juu ya kipande cha mtungi. Mchangani senene walikuwa wametapakaa, wamevimba. Mama mkwe alikuwa ameketi karibu na mwanawe, mikono mapajani, uso umetulia kama wa mtu aliyemaliza kazi na kuimaliza vizuri.

"Amekula," akaniambia. "Amekula watano, sita. Nilimpa mmojammoja, mwanangu anaona. Alifurahi mpaka akawa anapiga kiti kwa mkono."

Nilimtazama mume wangu. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulikuwa umekunja ngumi juu ya kiti. Macho yalikuwa mekundu. Nilijua alipiga kiti kwa nini.

Mama mkwe hafokewi, na kwetu mama wa mume huwezi hata kumpandishia sauti ukiwa mbali, sembuse ndani ya sebule ya mwanawe. Nilikwenda kuchukua beseni la kuogea, nikalijaza maji ya mvua, nikamkinga yule mnyama kwa mikono miwili iliyolowa, maana wavu ungemchubua. Alikuwa mzito na mtepetevu. Katika beseni alitapika senene wawili wazima, kisha akainama upande. Vile vitawi vyekundu vilikuwa vimejikunja ncha. Mnyama wa maji baridi yasiyo na chumvi, asiyejua mafuta, alikuwa amelowekwa humo kwa muda wa saa nane. Nilihamisha beseni stoo, kwenye sakafu, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani, nikaweka chupa ya barafu. Halafu nikarudi sebuleni kulimwaga tangi lote. Nilitaka kulia, lakini ndoo zilikuwa zinangoja.

Jumatano na Alhamisi zilikuwa siku za maji tu. Asubuhi nilibadilisha beseni, mchana nikarudi mbio wakati wa chakula nikabadilisha, jioni nikabadilisha. Maji ya mvua yakaisha, nikaanza kupanga ndoo za bomba uani, zikae siku nzima. Nilisahihisha madaftari nimekaa kwenye kizingiti cha stoo. Mtoto mmoja darasani aliniuliza mwalimu mbona unanuka samaki, na nilimjibu vizuri tu. Sikuwa na nguvu ya kukasirika.

Mume wangu hakuomba kupelekwa stoo. Nilimpeleka mwenyewe, nikamketisha, nikamtia kibano mkononi bila chakula, ajaribu tu. Mkono ulikiachia. Nikamtia tena. Ukakiachia. Nilimuuliza kama anaumwa mahali, na siku ile hata bado haikutoka. Alitazama beseni, kisha akatazama ukuta.

Na mama mkwe alikaa pale pamoja nami. Hakuniuliza kosa lake ni lipi. Aliona tu kwamba mnyama anaumwa tangu alipomlisha, na kwamba mke wa mwanawe anamjibu ndiyo mama, hapana mama, asante mama. Aliacha kula chakula cha mchana. Alikata jani la mgomba akawa analipepea beseni saa nzima, ili maji yapoe. Ningeweza kumweleza. Ningeweza kumwambia mama, chumvi ndiyo mbaya, nawe hukujua, na tungelia wote yakaisha. Nilimnyima hata lawama. Nililiona hilo, nikaendelea nalo, kwa kuwa ndicho kitu pekee nilichokuwa na nguvu ya kufanya.

Ijumaa nilirudi saa tisa na nusu. Mama mkwe alikuwa stoo, sakafuni, jani mkononi. Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Alikuwa amemwelekeza mama yake amsogeze, sijui kwa ishara gani. Mnyama alikuwa ameelea chali, tumbo jeupe juu. Vile vitawi vya shingoni vilikuwa vimekwisha rangi kabisa.

"Amelala tangu saa nne," mama mkwe akasema. "Sijataka kumwamsha."

Hapo ndipo yote yalipotoka. Sitaandika yote niliyosema, kwa sababu naona aibu, na kwa sababu mengine sikumbuki. Nilisema huyo hajalala, amekufa, umemuua. Nilisema miezi mitano, mama, miezi mitano nachota maji, nachimba minyoo, nashika kiwiko cha mwanao kwa ajili ya neno moja, na wewe umekuja na chumvi yako na vitunguu vyako ukamaliza kwa asubuhi moja. Nilisema tazama mkono wake sasa, utaushika wewe? Sauti yangu ilifika barabarani, najua, maana siku iliyofuata majirani walinisalimu kwa unyenyekevu mno. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa na lile jani bado mkononi. Hakujitetea. Kutojitetea kwake kulinichoma zaidi, nikapiga kelele zaidi.

"Nani alikwambia umlishe?" nikamuuliza. "Nani alikutuma? Nani alikwambia umpe senene?"

"Wewe."

Nilidhani ni mama mkwe. Nilimgeukia, lakini yeye alikuwa ameshika mdomo kwa viganja viwili na hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama mlangoni.

Mume wangu alikuwa ameinuka nusu kutoka kitini. Alikuwa ameshika fremu ya mlango, na mkono uliokuwa umeishika ulikuwa wa kulia. Shingo ilikuwa imemtoka mishipa. Maneno yalimtoka moja baada ya jingine, na kutu juu yake, lakini yalikuwa yamepangwa, kila moja mahali pake, kama alivyokuwa akiyaandika ubaoni.

"Wewe ndiye uliyemwambia. Mwache mama."

Nilisikia bati likilia kwa jua. Kisha nikakumbuka, begi mkononi, kidevu kikielekea tangi, mzaha wangu uliochakaa, na nikaona kwamba ni kweli. Alikuwepo, alisikia, na siku nne zote alikuwa amekaa na jambo hilo kifuani, akilitafutia maneno, huku mimi nikidhani amerudi kuwa jiwe. Sentensi ya kwanza baada ya miezi saba haikuwa ya yule mnyama, na haikuwa ya kunibembeleza mimi. Ilikuwa ya kunishtaki, na ilikuwa kamili.

Nilipiga magoti pale mbele ya mama mkwe, kwenye maji yaliyomwagika, nikamshika miguu na kumwomba anisamehe, naye akawa ananishika kichwa kwa mikono yote miwili, akisema kwa Kihaya kwamba yamekwisha, mwana wange, yamekwisha. Lakini uso wangu niliuelekeza mlangoni. Niliogopa kupepesa macho.

"Ni kweli," nikamwambia mume wangu. "Ni mimi niliyemwambia. Nigombeze tena. Polepole, na usiruke neno."

Akavuta pumzi, akaanza upya.